Kweli au Si Kweli: Maneno Yanayomtisha Anayevaa Skii Mara ya Kwanza

Mtu aliyekulia Tabora, Bukavu au Mombasa na leo anaishi Oslo, Zürich au Calgary hawezi kuikwepa theluji milele. Siku moja mtoto atarudi kutoka shuleni na barua: darasa lao linakwenda mlimani kujifunza kuteleza kwa skii, na mzazi anayependa anakaribishwa. Au wenzake kazini watapanga safari ya mwisho wa wiki, na yeye ataona haya kukataa tena. Hapo ndipo maneno huanza. Huyu atamwambia kwamba atavunjika goti. Yule atasema mchezo ule si wa kwetu. Mwingine atamhakikishia kwamba ni rahisi, twende tu, nitakufundisha.

Nimeyachukua maneno hayo na kuyapima moja baada ya jingine. Kipimo changu ni hiki: je, neno hili linamsaidia mgeni ajue kusimama? Woga mwingi juu ya skii ni woga wa kushindwa kusimama. Anayeweza kusimama mahali alipokusudia kusimama, moyo wake hutulia, na mengine yote hujifunzika.

“Mchezo huu si wa watu wa kwetu.” Si kweli.

Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Bonde la Ufa, Kenya. Mwaka 1996 alikwenda Finland na kufunzwa skii za masafa marefu, zile ambazo mtu husukuma mwenyewe tambarare na kwenye vilima. Februari 1998 alikuwa Nagano, Japani, kwenye mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie, ambaye alikuwa amemaliza mbio zamani, alimngoja kwenye mstari wa mwisho ampongeze. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006, na mwanawe mmoja akampa jina la Dæhlie.

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998 na kuhamia Austria akiwa mtoto wa miaka 3. Huko alijifunza skii za mlimani, na mwaka 2018 akashindana Pyeongchang, Korea Kusini, akiwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Nawataja wawili hawa pamoja kwa sababu mmoja alianza akiwa mtoto mdogo na mwingine akiwa mtu mzima. Mlima haukumuuliza yeyote kati yao alizaliwa wapi.

“Umri umenipita.” Si kweli.

Watoto wa miaka 4 watakupita, hilo ujiandae nalo. Ni wepesi, ni wafupi, wakianguka hawaanguki mbali, na hawana kodi ya nyumba ya kuwaza. Lakini mtu mzima akielezwa sababu ya jambo huelewa, na akilielewa anaweza kulirudia. Unachohitaji ni mapaja yenye nguvu kidogo. Wiki chache kabla ya safari, panda ngazi badala ya lifti na uchuchumae na kuinuka kila asubuhi. Siku ya pili mlimani utajishukuru.

“Wanaofaulu ni wasioogopa.” Si kweli.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wahenga hawakuiona skii, lakini neno lao linafaa hapa. Mgeni anayempa mwalimu wasiwasi ni yule anayenyoosha skii kuelekea chini na kwenda moja kwa moja kwa sababu haoni cha kuogopa. Mwenye woga husikiliza. Husimama mapema. Huuliza.

Tatizo la woga ni kile unachoufanyia mwili: pumzi inabanwa, magoti yanakakamaa, mabega yanapanda juu. Kwa hiyo usijilazimishe kuwa jasiri. Toa pumzi kwa sauti kabla ya kuanza. Imba kwa sauti ya chini ukiwa unashuka, kwa maana anayeimba hawezi kubana pumzi. Kisha chagua mteremko ulio rahisi kuliko unaouweza, uurudie huohuo mpaka ukuchoshe. Wenzako wakikuhimiza uhamie mwingine wakati huu bado unakutetemesha, wakatalie.

“Rafiki yangu anajua, atanifundisha bure.” Si kweli.

Hapa sitalegeza neno. Asubuhi nyingi zilizoharibika mlimani zimeharibiwa na rafiki mwema. Alijifunza zamani, amesahau jinsi alivyojifunza, na anapenda mandhari ya juu. Atakupeleka juu. Kutoka huko atakuwa na mafundisho mawili tu: “kunja magoti” na “usiogope”.

Mwalimu huanza mahali tambarare. Atakuvalisha skii moja, usukume kwa mguu mwingine, uzoee utelezi. Atakuonyesha kupanda kwa ubavu, hatua ndogo ndogo. Mteremko wa kwanza utakuwa wa mita chache, na mwishoni ardhi inainuka kidogo ili skii zisimame zenyewe hata usipofanya lolote. Kurudi juu utasimama kwenye mkanda unaotembea, kama ule wa mizigo uwanja wa ndege. Vituo vingi vina bei maalumu ya siku ya kwanza inayojumuisha somo, vifaa na tiketi ya eneo la wanaoanza peke yake, na huwa nafuu kuliko kulipia kila kitu mbalimbali. Mwambie mwalimu mapema kwamba unaogopa. Amewaona wengi na atakupangia kundi linalokufaa. Rafiki mtakutana wakati wa chakula cha mchana.

“Ukiona unakwenda kasi, jivute nyuma.” Si kweli.

Kama ungesoma sehemu moja tu ya makala haya, ningependa iwe hii.

Mwili wa binadamu ukiona mteremko mbele yake hujirudisha nyuma wenyewe. Kwenye jabali au ngazi yenye utelezi tabia hiyo hutuokoa; juu ya skii ndiyo inayotuangusha. Skii huongozwa kwa sehemu yake ya mbele. Ukirudi nyuma kana kwamba unatafuta kiti, uzito wote unahamia visiginoni, ncha za mbele zinakuwa nyepesi na hazisikii tena amri yako. Skii zinakimbia, woga unapanda, unazidi kurudi nyuma, nazo zinazidi kukimbia. Wengi wanaosimulia kwamba skii ziliwachukua walikuwa wamekaa nyuma bila kujijua.

Dawa yake iko kwenye muundi wa mguu. Kunja vifundo vya miguu na magoti mpaka miundi iegemee ulimi wa mbele wa buti, na ibaki imeegemea. Mikono iwe mbele, mahali unapoiona bila kugeuza shingo. Macho yaangalie unakokwenda. Ukizitazama ncha za skii, kichwa kinainama na mwili mzima unapinda. Kila hofu inapopanda, jiulize: miundi yangu bado inagusa buti? Swali hilo linaurudisha mwili mahali pake, na wakati huohuo linaipa akili kazi ya kufanya mbali na kuhesabu hatari.

Ni vigumu, nakiri. Unaambiwa uegemee kule unakoogopa kwenda. Ndiyo maana yafaa kulifanyia zoezi mahali ambapo mteremko ni mdogo kiasi kwamba mwili hauna sababu ya kubisha.

“Ukijua piza, umejua kusimama.” Kweli nusu.

Walimu wa watoto huita “piza” pale skii zinapokaribiana mbele na kuachana nyuma, na “chipsi” zinapokuwa sambamba. Piza ni kabari: kingo za chuma za upande wa ndani zinakwangua theluji, na mwendo unapungua. Ni mbinu ya siku nyingi. Hannes Schneider, aliyefungua shule ya skii St. Anton, Austria, mwaka 1921, alikuwa akiwaanzisha wanafunzi wake kwa kabari hiyo, na ulimwengu ukafuata mpangilio wake.

Kwenye mteremko wa wanaoanza, kabari inatosha. Kwenye mteremko mkali kidogo haitoshi: mapaja yanawaka moto na skii zinaendelea kwenda. Breki ya kweli ni kona. Skii zikielekea chini, uzito wako unazivuta. Zikilala kukingama mteremko, hakuna kinachozivuta. Basi ukitaka kupunguza mwendo, geuka, na uendelee kugeuka mpaka ncha zitazame juu kidogo. Utasimama bila kukamua nguvu. Kona yenyewe haina siri kubwa: ukiwa kwenye kabari, ukikandamiza mguu wa kushoto utakwenda kulia, ukikandamiza wa kulia utakwenda kushoto. Tumia upana wote wa njia. Umelipia wote.

Kuna mbinu moja zaidi ambayo ningemfundisha kila mgeni kabla hajapanda lifti ya kwanza, maana ndiyo itakayomtoa mahali pakali alipofika kwa bahati mbaya. Simama ukiwa umekingama mteremko, skii sambamba, kingo za upande wa juu zimeshika theluji. Zilaze skii pole pole mpaka kingo ziachie, na utashuka kwa ubavu. Zilalie tena kingo, utasimama. Kwa namna hiyo mtu anaweza kushuka sehemu ngumu sentimita kwa sentimita, pasipo kuelekeza skii chini hata mara moja.

“Kuanguka hakukwepeki.” Kweli.

Utaanguka, na mara nyingi utakuwa unaanguka huku umesimama tu. Theluji ya mteremko wa wanaoanza haina ukali. Ukiona mizani imepotea na huwezi kuirudisha, keti kwa ubavu, kuelekea upande wa juu wa mlima, mikono ikiwa mbele. Usiweke mkono nyuma kujizuia. Usijaribu kuinuka ungali unateleza. Ngoja usimame kwanza. Magoti huumia sana pale mtu anapopigana na anguko ambalo limekwisha kutokea.

Fimbo nazo zina hatari yake: ukianguka umeishika, inaweza kukivuta kidole gumba na kuchana kano yake. Ndiyo maana walimu wengi huziweka kando siku ya kwanza, na huzikosi. Kuinuka: zungusha skii ziwe chini yako na zikingame mteremko, sogeza nyonga juu ya buti, sukuma. Ikishindikana, fungua skii moja ya upande wa juu, inuka, uivae upya.

“Skii huvunja miguu.” Kweli nusu.

Zamani zilivunja sana. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorway aliyekuwa akiishi Oregon, Marekani, alivunjika mguu kwenye Mlima Hood. Akiwa hospitalini akachora kishikizi cha kufungia buti kwenye skii, ambacho kingeiachia pale mguu unaposokotwa kupita kiasi. Vishikizi vya leo vyote ni uzao wa fikra hiyo, na mifupa ya mguu inayovunjika imepungua mno. Kwa ujumla, katika kila siku 1000 ambazo watu wanakuwa juu ya skii, wanaoumia huwa 2 au 3 hivi. Wanaoanza wanaumia zaidi ya wazoefu, na karibu theluthi moja ya majeraha ni ya goti, kwa sababu kishikizi kinaulinda muundi vizuri kuliko goti.

Kwa hiyo skii inapofunguka ukianguka, haijaharibika. Imefanya kazi yake. Lakini inafanya kazi hiyo kulingana na namba ulizotoa kwenye duka la kukodisha: uzito, urefu, umri na kiwango chako, pamoja na urefu wa soli ya buti. Baadhi ya watu hupunguza kilo kwa kuona haya, na wengine hujiita wazoefu mbele ya wenzao. Sema ukweli. Anayejiita mzoefu hufungiwa kishikizi kigumu kuachia, na goti ndilo litakalolipa.

“Buti za skii lazima ziume.” Si kweli.

Zinabana, na kubana ndiyo kazi yake, kwa maana mguu ukicheza ndani ya buti, skii haitajua unataka nini. Maumivu makali au ganzi ni jambo jingine. Mara nyingi chanzo ni soksi. Vaa jozi moja tu, ndefu, nyembamba. Jozi mbili hukunjana, hubana damu na miguu hupoa zaidi. Mguu wa suruali ya ndani usiingie ndani ya buti. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma vipate nafasi. Kisigino kisiinuke. Kama sivyo, rudi dukani ubadilishiwe, hata kama foleni ni ndefu na wenzako wanakungoja.

Jinzi ziache nyumbani. Pamba ikilowa haikauki upesi, nawe utatetemeka siku nzima na kudhani ni woga.

“Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua.” Si kweli.

Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza, na kila unapopanda mita 1000 miale hiyo inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Inakupiga kutoka juu na kutoka chini: kidevu, chini ya pua, masikio. Ngozi yetu ina kinga yake ya asili, lakini ina mpaka. Macho hayana kinga hiyo hata kidogo. Kuungua kwa macho kwa miale inayorudishwa na theluji humpata mtu wa rangi yoyote, na maumivu yake ni kama ya mchanga uliojaa jichoni. Miwani ni lazima hata kukiwa na mawingu. Helmeti vilevile: inapunguza majeraha ya kichwa, ingawa haimpi mtu ruhusa ya kwenda kasi.

“Lifti inatisha kuliko mlima.” Kweli, kwa wengi.

Lifti ya viti ya kwanza duniani ilifunguliwa Sun Valley, Idaho, Marekani, mwaka 1936. Aliyeibuni, James Curran, alikuwa mhandisi wa shirika la reli la Union Pacific, na kabla ya hapo aliwahi kubuni mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Aliondoa kulabu za ndizi, akaweka viti vya watu. Mantiki haijabadilika: kiti hakisimami, wewe ndiwe unayeingia kwenye mwendo wake.

Shika fimbo zote kwa mkono mmoja. Begi livue mgongoni ulipakate. Simama kwenye alama, geuza uso uone kiti kinavyokuja, keti, shusha kizuizi. Ukikaribia juu inua ncha za skii, simama pale mteremko unapoanza, acha kiti kikusukume, kisha uondoke hapo mara moja kwa sababu nyuma yako wanakuja wengine. Mwambie mhudumu kwamba ni mara yako ya kwanza. Atapunguza mwendo wa lifti. Hufanya hivyo mara nyingi kwa siku.

“Njia ya bluu ni rahisi popote.” Si kweli.

Marekani na Kanada duara la kijani ndilo rahisi, mraba wa bluu ni wa wastani, almasi nyeusi ni ngumu. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida huanzia bluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Ufaransa ina kijani chini ya bluu. Aliyejifunzia kwenye bluu ya Austria akifika Colorado na kuifuata bluu, atajikuta mahali pengine kabisa. Isitoshe, kila kituo hulinganisha njia zake zenyewe kwa zenyewe. Uliza wenyeji, na kama barafu imeganda asubuhi, hesabu kila rangi kuwa imepanda daraja moja.

“Wanaoshuka kwa kasi, mimi ndiye niwakwepe.” Si kweli.

Shirikisho la Kimataifa la Skii lina kanuni 10 za mwenendo mlimani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1967. Anayetoka juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake. Huna haja ya kugeuza shingo kila sekunde. Kufanya hivyo kutakuangusha. Wajibu wako ni kutazama juu kabla ya kuanza kushuka, na kutosimama katikati ya njia nyembamba au chini ya kituta ambapo wanaokuja hawakuoni. Simama pembeni.

“Ni lazima niende Ulaya.” Si kweli.

Kwa aliyebaki Afrika kuna kituo cha Afriski, katika milima ya Maloti nchini Lesotho; kiko zaidi ya mita 3000 juu ya usawa wa bahari na hufunguliwa kuanzia Juni hadi Agosti. Kwa ndugu walioko Ghuba, Ski Dubai imekuwapo tangu 2005 ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, na njia yake ndefu ni ya mita 400 hivi. Kwa somo la kwanza la kabari na kona, mita hizo ni nyingi.

“Ukipanda kwa lifti, lazima ushuke kwa skii.” Si kweli.

Majeraha hupenda saa za mwisho, miguu ikiwa imechoka, mwanga umefifia na theluji iliyolainika mchana inaanza kuganda tena. Mapaja yakianza kutetemeka ukiwa umesimama tu, siku imekwisha, hata kama tiketi bado ina saa mbili. Vibanda vya kebo hushusha watu kama vinavyowapandisha, na wazoefu huvitumia bila kuona haya. Lifti za viti si zote zinazoruhusu kushuka nazo, kwa hiyo muulize mhudumu ungali chini, kabla hujapanda.